Kubadili stadi na nati za gurudumu kwenye Dodge ya zamani yenye nyumba

Kabla ya spana, tazama ncha ya stadi (boliti inayotokeza kwenye gurudumu na kufungwa nati). Dodge nyingi za zamani zilizojengewa nyumba, zikiwemo za Winnebago (watengenezaji wa magari ya nyumba), zina hesi ya kushoto, yaani nyuzi za skrubu zilizogeuzwa, kwenye magurudumu ya kushoto. Ukiona herufi L kwenye ncha hiyo, nati hufunguka kwa mwendo wa saa. Ukilazimisha kinyume unakata stadi.

Gari likae kwenye stendi, si jeki. Vua habu (kitovu kinachoshika gurudumu), sukuma stadi nje kwa presi, mashine ya kugandamiza (nyundo hupinda habu). Stadi mpya ilingane kipenyo cha meno yanayong'ata ndani ya habu, la sivyo itazunguka humo. Moja ikikatika, badili na jirani zake: zilibeba mzigo wake. Nati iwe na koni (upande uliochongoka) inayolingana na tundu la rimu. Kaza kwa mtindo wa nyota (nati moja, kisha ya upande wa pili), kwa kipimo cha kitabu cha gari, kisha rudia baada ya kilomita 80.