Kudhibiti Maji Machafu kwenye Machimbo ya Kokoto na Mchanga

Mwongozo huu unafaa machimbo ya ukubwa wa kati, kama yale ya kokoto ya Lugoba mkoani Pwani, ambako mitaro inapaswa kukamilika kabla masika hayajaanza mwezi Machi.

Hatua ya kwanza ni kuzuia maji safi yasichafuke. Chimba mtaro wa kinga upande wa juu wa shimo, uyaelekeze maji ya mteremkoni kwenye mkondo wake wa asili. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya hekta moja hufikia mita za ujazo 500, na maji hayo yasipoingia shimoni hutayalipia dizeli ya pampu.

Hatua ya pili, inamisha sakafu ya shimo kuelekea pembe moja na ukusanye hapo maji yenye vumbi la mawe. Sehemu ya kujazia mafuta isakafiwe kwa zege na iwe na mfereji wake wa peke yake.

Hatua ya tatu ni bwawa la kutuamisha tope, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa huchimba kwenda chini wakidhani kina ndicho kinachosafisha maji, ilhali kinachoamua ni upana wa uso wake. Punje ya milimita 0.02 hushuka mita moja kwa dakika 45 hivi. Kwa hiyo, ili maji yasipande haraka kuliko punje hiyo inavyoshuka, pampu ya lita 20 kwa sekunde inahitaji uso wa mita za mraba 56 angalau, nami huongeza maradufu. Urefu uwe mara tatu ya upana, na mbele ya mdomo wa bomba pawe na kizuizi cha mawe ili maji yasikimbilie moja kwa moja mahali pa kutokea. Mfinyanzi ni mkaidi zaidi: punje ya milimita 0.002 huchukua siku tatu na zaidi kushuka mita hiyo hiyo. Hapo tumia shabu, ile chumvi ya kusafishia maji inayofanya punje zishikamane na kuzama, lakini ijaribu kwanza kwenye ndoo kadhaa kwa vipimo tofauti, kwani ikizidi huyatia maji tindikali.

Tope likijaza theluthi ya bwawa, liondoe, ulikaushe mbali na mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni.

Maji yaliyotulia yarudishwe kuoshea mchanga na kumwagia barabara za malori. Yanayobaki yasitiririshwe mtoni kabla ya kupata kibali cha bodi ya maji ya bonde husika.