Jinsi ya kuonyesha vijana wa PS kwamba Devil May Cry ilianza kama gemu ingine

Kama unakaa Kondele ama Nyalenda hapa Kisumu unajua vile vibanda vya PS hujaa wikendi na kila skrini ni mpira. Siku utapata TV moja iko wazi, lipia masaa mawili, weka Devil May Cry ya kwanza, ile ya PS2 ya 2001, ama ile HD Collection ya PS4 iliyotoka 2018, na usianze kwa kuhadithia watu, mpe mtu pedi kwanza.

Akishaingia kwa kasri ya Mallet Island mwambie azungushe kamera. Haizunguki. Atakwambia "omera, hii kitu imekwama", na hapo ndio umuulize ni gemu gani ingine ya zamani yenye kamera iko kwa kona, milango imefungwa na wewe unazunguka nyumba kubwa ukitafuta funguo. Wale walicheza PS1 watasema Resident Evil, ile gemu ya kutisha ya mazombi, na watakuwa wamepata kabisa, kwa sababu hii ilianza kutengenezwa kama Resident Evil 4. Hideki Kamiya, mwenye aliongoza Resident Evil 2 ya 1998, alitaka shujaa wa kupigana kwa mtindo, si mtu wa kukimbia akihesabu risasi, na timu yake ikaenda mpaka Uingereza na Uhispania kupiga picha za sanamu na mawe ya majengo ya kale. Produsa Shinji Mikami akaona imeenda mbali sana na gemu ya kutisha, lakini hakuitupa, alisema iwe gemu yake yenyewe. Mimi hapo humheshimu sana. Kamiya akaandika stori upya, mazombi wakatoka, mashetani wakaingia, lakini ile kasri ikabaki na harufu ya Resident Evil.

Sasa kuja kwa ile kitu mimi hupenda zaidi, na hapa usiharakishe. Ngoja wale maadui wa mwanzo, wanasesere, watokee, mwambie mchezaji amrushe mmoja juu na upanga halafu abonyeze bastola mfululizo. Adui anabaki anaelea hewani! Acha kila mtu ajaribu ndio uwaambie imetoka wapi: gemu ingine, Onimusha: Warlords, ilipokuwa inajaribiwa kulikuwa na bagi, yaani kosa la programu, adui akipigwa anabaki juu, unaendelea kumkata tu kabla aanguke, Kamiya akaiona na akaamua kwa gemu yake hiyo iwe ndio utamu wenyewe. Kosa la gemu moja likawa msingi wa ingine.

Ya pili, ya 2003, pitia haraka tu. Ya kwanza ilipata 94 kwa mia Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wakaguzi wa gemu, hii ikashuka hadi 68, na Hideaki Itsuno aliletwa kuiongoza ikiwa imebaki miezi michache. Ndio akaomba atengeneze ya tatu.

Na hiyo ya tatu, ya 2005, kama kuna mtu hapo aliwahi kushindwa nayo akajiona hajui kucheza, mwambie hii: "Normal" iliyouzwa Marekani ilikuwa ni "Hard" ya Japani. Special Edition ya 2006 ndio ilirekebisha ugumu, kwa hivyo mwekee hiyo, ajaribu tena, na akitaka acheze na Vergil, pacha wa shujaa, pia yuko.