Kupoza tangi la samaki wakati wa kaskazi, kwa pesa ndogo

Nakaa Mbagala, Dar es Salaam, chumba cha kupanga chini ya bati lisilo na silingi bodi. Kuanzia Desemba hadi Machi, tangi langu la lita 80 likiachwa hivihivi, maji yake hufika nyuzi 32 ikigonga saa kumi jioni. Gapi, samaki wadogo wa mapambo ninaowafuga, hawafi papo hapo kwa joto hilo, lakini wanateseka, na kinachowatesa zaidi ni hewa. Maji ya nyuzi 25 yanaweza kushika miligramu 8 na kidogo za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 32 yanashika 7 na kidogo tu, na hapo ndipo mwili wa samaki unapoenda mbio na kudai oksijeni zaidi. Ukiwaona wamejazana juu wanahema, mdomo umegusa uso wa maji, hasa alfajiri, ujue hali ni mbaya. Nunua kipimajoto kabla ya kitu kingine chochote. Mkono wako hauwezi kukuambia kama ni nyuzi 28 au 31.

Watu wengi hukimbilia barafu. Mimi nakuomba uanze na upepo.

Maji ya mtungi hupoa kwa sababu yanapenya kwenye udongo na kukauka kwa nje, na yanapokauka yanaondoka na joto. Tangi linaweza kupoa vivyo hivyo kupitia uso wake wa juu. Lita moja ya maji ikikauka inaondoa joto sawa na chupa tano hivi za lita moja zilizogandishwa. Ndiyo maana kifeni kidogo kinashinda friza nzima, mradi kifanye kazi muda mrefu.

Nenda kwa fundi kompyuta, muombe feni ya volti 12 kutoka kwenye mashine mbovu. Tafuta na adapta ya ruta ya zamani ya volti 12. Nyumba nyingi zina moja imelala kabatini. Unga waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, kisha funga kwa tepu ya umeme. Ondoa mfuniko wa kioo, maana unafungia mvuke ndani, na mahali pake nyoosha neti ya dirisha, kwa kuwa gapi wanaruka. Funga feni ukingoni kwa waya laini, ilale kidogo, ipulize kukata uso wa maji mpaka uone viwimbi. Waya wa adapta uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lisifuate waya hadi kwenye umeme. Feni ya wati 2 ikizunguka usiku na mchana mwezi mzima haimalizi hata yuniti 2 za Luku.

Kwangu inashusha nyuzi 2 hadi 3. Pwani hewa imeshiba unyevu, kwa hiyo maji hayakauki haraka. Aliye Dodoma atapata zaidi kwa feni ileile. Fungua dirisha pia, la sivyo unyevu unabaki chumbani na feni inapuliza bure.

Maji yatapungua kila siku. Yanayokauka ni maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo usijazie maji ya kisima yenye chumvi, kama tunayoyapata wengi huku. Jazia ya bomba yaliyokaa kwenye ndoo wazi kuanzia jana yake ili klorini iondoke.

Kabla au baada ya feni, punguza joto linaloingia. Sogeza tangi mbali na ukuta unaopigwa na jua la magharibi na mbali na mgongo wa friji. Taa izime kuanzia saa sita mchana mpaka jua lipoe. Pampu ya kuzama ndani ya maji nayo inapasha, kwa kuwa umeme wake wote unaishia kuwa joto majini. Pampu ya hewa inayokaa nje ni bora, na inaongeza oksijeni. Kuna wanaofunika kioo kwa khanga iliyoloweshwa. Inasaidia, lakini hakikisha ncha ya khanga haigusi maji ya tangi. Ikigusa itayanyonya na kuyamwaga sakafuni usiku kucha.

Barafu ina kazi yake: siku joto limezidi, au umeme umekatika. Gandisha maji kwenye chupa ya lita moja, usiijaze hadi juu, ioshe kwa nje bila sabuni, kisha ielee ikiwa imefungwa. Kwa lita 80, chupa moja inashusha nyuzi moja na nusu hivi. Weka moja, subiri iyeyuke, pima, ndipo uongeze. Kushusha joto kwa ghafla kunaumiza samaki kuliko joto lenyewe, na vipande vya barafu vya kumwaga moja kwa moja ndivyo vinavyofanya hivyo.

Umeme ukikatika, usiwape chakula. Chakula kinachooza kinakula oksijeni na kuzaa amonia, na amonia ina sumu kali zaidi maji yakiwa ya moto. Chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, tena na tena, kila baada ya muda. Ukiwa na betri ya sola ya volti 12, feni ileile inaweza kuungwa hapo.

Kama bado hujanunua samaki na unaishi Pwani, tafadhali acha samaki wa dhahabu. Ni jamaa wa maji yenye ubaridi, wanapenda nyuzi zisizozidi 24, na chumba kama changu kinawafupishia maisha. Chukua gapi, au beta, ambaye anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji. Mwenye tangi kubwa achukue mbuna wa Ziwa Nyasa, lakini hao wasikae na gapi, watawamaliza. Na usijaze tangi: nusu ya idadi unayotamani inatosha kwa miezi hii ya joto.