Kuzuia vifo vya moto kwa wazee na wagonjwa: kazi ya ofisi nyingi kwa mtu mmoja

Mzee anayeishi peke yake huwa anajulikana. VHT, mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini, anajua macho yamefifia, afisa maendeleo ya jamii ana jina lake kwenye orodha ya SAGE, mpango wa serikali ya Uganda wa kuwalipa wazee, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anajua nyumba ni ya nyasi, na jirani anajua kibatari huwaka usiku kucha. Tatizo ni kwamba hakuna anayeyajua yote manne.

Anzeni na kikao cha hao wanne pamoja na polisi. Zimamoto Uganda iko chini ya polisi, kwa hiyo hata mkiwa mbali na kituo cha magari, mkuu wa kituo kidogo cha polisi cha karibu anatosha. Kila mmoja aje na majina kutoka daftari lake. Msitegemee SAGE peke yake: inawalipa hasa waliofikisha miaka 80, na kijana aliyepooza hamo humo. Watangulizeni wenye mambo mawili kwa pamoja, mfano hawezi kutoka bila kushikwa mkono na anapikia ndani, au ana kifafa na anakunywa waragi, pombe kali ya kienyeji. Mwombeni mhusika idhini kabla ya kupeleka habari zake ofisi nyingine, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyodai. Kikaoni inatosha kusema "hatembei". Jina la ugonjwa libaki kwa mhudumu wa afya.

Nendeni wawili, VHT na mtu anayeaminiwa na familia. Askari akija peke yake, jeriken ya petroli ya bodaboda itafichwa chini ya kitanda. Nendeni jioni, kwa sababu saa sita mchana sigiri, yaani jiko la mkaa, imezimwa na mshumaa haujawashwa, mtaona nyumba salama isiyokuwepo.

Kifafa ndicho kinachosahaulika zaidi. Mtu huanguka motoni akiwa hana fahamu, asiweze kujivuta, na majeraha huwa ya kina. Kaskazini, wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa, unaoleta degedege, huko Kitgum na Pader wamo katika hatari hiyo hiyo. Mafiga matatu chini yaondolewe. Jengeni jiko la udongo lililoinuliwa, lenye kuta zinazofunika moto, na asipike akiwa peke yake. VHT ahesabu vidonge vya kifafa kila mwezi, maana dozi zikikatika degedege hurudi. Dawa ikiisha kwenye kituo cha afya, hiyo ni kazi ya kikao, si ya mgonjwa.

Kitandani, taa ndogo ya sola ichukue nafasi ya kibatari. Mshumaa ukibaki, uwe kwenye sahani yenye mchanga, mita moja au zaidi kutoka chandarua. Sigiri isilale chumbani, hata kwenye baridi ya Kabale; hewa yake ya sumu haina harufu.

Kisha mlango. Familia ikienda shambani humfungia mgonjwa wa akili kwa kufuli la nje. Ufunguo wa pili uwe kwa jirani wa karibu kabisa, na dirisha moja la vyuma liwe na bawaba na komeo la ndani. Mwambieni mwenyewe atoke kitandani hadi nje gizani, mkimtazama. Akishindwa, sogezeni kitanda karibu na mlango.

Kila kazi iandikwe jina la mtu na tarehe. "Tutamtembelea" haina mwenyewe, na ndivyo mipango mingi inavyofia daftarini. Blanketi lenye mashimo ya moto, au moto mdogo uliozimwa, uripotiwe siku hiyo hiyo.

Moto ukiwaka, pigeni 999 au 112 mkitaja alama ya karibu, kanisa au soko. Majirani waanze na mchanga na jeriken ya maji ya lita 20 inayokaa mlangoni. Mafuta yanayowaka yasimwagiwe maji. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, bila samli wala dawa ya meno, ndipo apelekwe hospitali.