Muulize riwaya aliyoiacha njiani

Kuna dada wa Shangani hapa Mtwara tunabadilishana vitabu, kanifundisha kitu nakileta kwenu: ukitaka mtu akupendekezee riwaya usimuulize ipi nzuri, muulize ipi aliiacha njiani na kwa nini. Ukiuliza nzuri watu wengi wanakutajia inayosifiwa na kila mtu au ile waliyosoma shule, hata kama wenyewe haikuwagusa, ila mtu akikwambia alichoshindwa kumaliza na sababu yake unajua mara moja anapenda nini, na hapo ndo unajua mapendekezo yake uyabebe au uyaache. Mfano kuna kaka aliiacha Nagona ya Kezilahabi, ile ya 1990, kitabu chembamba tu, anasema hadithi hainyooki, mara uko safarini mara uko kama ndotoni. Mimi hicho ndo ninachokitafuta, nikaiazima palepale! Na siku hizi akinisifia riwaya najua kabisa itamfaa mdogo wangu anayependa za upelelezi, nampelekea yeye.

Haisaidii kwa mtu aliyesoma riwaya kwa ajili ya mtihani tu, maana huyo hakuchagua, alisoma alichopangiwa. Na huku kwetu msimu wa korosho ukianza wengi wanaweka vitabu pembeni kwa ajili ya shamba na mnada, kwa hiyo ongeza na hili: kilikuchosha au ulikosa muda? Akijibu muda, bado hujajua kitu, muulize kingine.