Maji yanajaa saa ngapi? Namna ya kupanga siku za kuogelea pwani ya Unguja

Wageni wengi huchagua chumba kwa bei na picha, kisha wanafika Paje, pwani ya mashariki, saa nne asubuhi na kukuta bahari haipo. Mchanga mweupe upo, minazi ipo, lakini maji yamekwenda zake hadi karibu na mwamba, kilomita nzima au zaidi. Picha haikuwa ya uongo. Ilipigwa maji yakiwa yamejaa. Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, hesabu maji.

Hesabu yenyewe

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kwenye tarehe 1 na 15 za Kiislamu na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti inaweza kukaribia mita 4. Tarehe 7 au 8, na 22 au 23, ni maji mafu. Hayapandi sana wala hayaendi mbali.

Bahati nzuri ni kwamba bamvua ina saa zake. Unguja hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ni hivyo mwaka mzima, kwa sababu siku hizo jua na mwezi huvuta kwenye mstari mmoja. Maji mafu ni kinyume: hujaa saa nne, hupwa saa kumi.

Ukijua hilo, kalenda ya msikitini inatosha. Tuseme unafika tarehe 18 ya mwezi wa Kiislamu. Ni siku tatu baada ya 15, kwa hiyo ongeza dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Maji yatajaa karibu saa kumi na mbili na nusu, asubuhi na jioni, na yatakupwa mchana jua likiwa utosini. Kuoga ni asubuhi na mapema, mchana ni wa kulala. Hesabu hii inaweza kukosea kwa nusu saa au zaidi, ndiyo maana ukifika umuulize mvuvi au uangalie jedwali la maji kwenye simu. Ila kwa kuchagua wiki ya kusafiri, inatosha kabisa.

Kwenye vijiji vya mashariki, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu na Matemwe, nafasi ya kuogelea vizuri ni kama saa mbili na nusu kabla ya maji kujaa na saa mbili na nusu baada yake. Mwenye watoto wadogo achague maji mafu: bahari haikimbii mbali, na maji ya magotini hubaki kwa muda mrefu.

Kutembea bahari ikiwa kavu

Hiki ndicho kizuri cha mashariki ambacho kaskazini hukipati. Siku za bamvua utawaona akina mama wakishuka na kamba zao kwenda kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza Paje na Jambiani mwaka 1989. Hushuka siku hizo kwa sababu ndipo mashamba yanapofikika. Utaona vijiti viwili viwili vilivyochomekwa mchangani, kamba imevutwa katikati, na vishada vya mwani vimefungwa kila baada ya shubiri moja hivi. Zunguka, usikatize: mguu ukinasa kwenye kamba moja unang'oa kazi ya wiki kadhaa. Na picha uombe kwanza.

Toka ufukweni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na anza kurudi maji yanapogeuka. Usingoje uyaone. Maji hayarudi kama ukuta kutoka mbele. Huingia kwanza kwenye mifereji ya chini, na mara nyingi mifereji hiyo iko nyuma yako, kati yako na ufukwe. Saa ya kwanza hupanda polepole, ya pili kidogo zaidi, kisha ya tatu na ya nne nusu ya maji yote huingia. Aliyesimama juu ya fungu la mchanga akishangaa kiti cha pweza hugeuka na kukuta maji ya kiunoni.

Vaa viatu vya mpira vinavyofunga kisigino. Ndara hazifai, zinabaki kwenye tope. Hatari kubwa ni wale wanyama weusi wenye miiba mirefu kama nungunungu, wanaojibanza kwenye mashimo ya matumbawe. Mwiba wao ni mkavu na hukatikia ndani, kwa hiyo usichokonoe kwa sindano. Toa unaojitokeza tu, loweka mguu kwenye maji moto unayoweza kuvumilia kwa nusu saa au zaidi. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Mwiba ulioingia kwenye kiungo ni wa kupelekwa hospitali. Kwenye majani na mchanga laini, buruta miguu badala ya kuiinua: taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akishtuliwa mapema huondoka, akikanyagwa hupiga.

Na usikaribie mlango, ile nafasi kwenye mwamba ambamo mashua hutokea. Maji yanapokupwa, bahari yote ya ndani hutokea hapo, na mkondo wake humshinda hata mwogeleaji mzuri. Ukichukuliwa, usipigane nao. Elea, kata kwa ubavu, na inua mkono uonekane.

Kama hutaki hesabu

Nenda Kendwa, au Nungwi upande wa magharibi. Kina kiko karibu, unaogelea saa yoyote. Gharama yake ni kelele, muziki wa usiku na papasi, wachuuzi wa ufukweni wanaokufuata na safari za boti, viungo na mashuka. "Sitaki, ahsante" moja inatosha, kisha endelea kutembea. Ukianza kuuliza bei, umeshakubali mazungumzo. Anayetaka utulivu Nungwi amepotea njia.

Upepo nao una neno. Kusi, kama Juni hadi Septemba, huchafua bahari ya mashariki na kurundika majani ufukweni, yananuka yakioza. Paje hapo ni ya wacheza tiara za majini, wale wanaovutwa na tiara juu ya ubao, na kamba zao zinakata, kwa hiyo ogelea mbali nao. Kendwa wakati huo imekingwa. Kaskazi, Desemba hadi Februari, joto ni kali na Nungwi ndiyo hupigwa upepo. Aprili na Mei ni masika: vyumba rahisi, baadhi ya hoteli zimefungwa, mvua za kutosha.

Vitu vidogo vinavyoharibu safari

Boti ya Dar es Salaam hadi Unguja ni kama saa mbili, na tiketi inataka kitambulisho. Wakati wa kusi kaa chini, katikati au nyuma, na unywe kidonge cha kichefuchefu kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika hakisaidii tena. Toa fedha mjini, kwani huko shamba, nje ya mji, mashine za fedha ni chache. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, beba kikapu. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni: ukiingia kijijini jifunge kanga au vaa shati, na Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana.

Daladala namba 116 ni ya Nungwi, 309 ya Jambiani. Ni rahisi sana kuliko teksi, ila jioni hupungua mapema. Ukishuka tu, muulize kondakta gari la mwisho la kurudi mjini linatoka saa ngapi, kisha uliza tena kwa mwenye duka pale kituoni, na ufuate saa ya mapema kati ya hizo mbili.