Jinsi ya Kumpata Mwalimu wa Gitaa Malindi, na Mambo ya Kutarajia Katika Miezi ya Mwanzo

Watu wengi wanaonipigia simu kuulizia masomo ya gitaa hapa Malindi huanza na bei. Ni haki yao kuuliza, lakini bei haimwelezi mtu kama baada ya miezi sita atakuwa akipiga, au kama gitaa litakuwa limetundikwa ukutani likishika vumbi. Kinacholieleza jambo hilo mapema ni wanafunzi ambao mwalimu huyo amekwisha kuwafundisha, pamoja na namna anavyoishughulikia mikono yako katika saa ya kwanza mnayokaa pamoja. Mwongozo huu nauandika nikiwa mwalimu wa gitaa, kwa ajili ya mtu mzima anayeanza na kwa mzazi anayemtafutia mtoto wake mwalimu.

Nairobi ipo shule ya muziki ya Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa mwaka wa 1944, ambako mwanafunzi hujisajili na kupewa ratiba. Kwetu Malindi, Watamu na Lamu, kwa kawaida anayefundisha ni mtu binafsi, aghalabu mpigaji wa kanisani, mwanamuziki wa hotelini, au mwalimu wa shule anayelijua gitaa, na hana kibao barabarani. Kwa hiyo kazi ya kumtafuta na kumpima ni yako mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Jua unataka kupiga muziki wa aina gani

Anayetaka kusindikiza nyimbo za ibada anahitaji kodi, yaani sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja, na mkono wa kulia usioyumba. Anayependa rumba au benga anahitaji mtu anayezijua sehemu za solo, rithimu na besi, na jinsi zinavyoitikiana. Kuna pia mtindo wa kucharaza kwa kidole gumba na cha shahada, gumba likishika besi na cha shahada kikiimba juu yake, mtindo ulioenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1950 kupitia santuri za wapigaji wa Katanga, Kongo, kama Mwenda Jean Bosco. Mimi naupenda mno, na ukimpata mzee anayeujua, msikilize angali anapiga.

Taarab inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu vijana wengi wa hapa na wa Lamu huwa na hamu ya kupiga kwenye gitaa yale waliyoyasikia kwenye udi wa marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu. Shingo ya udi haina freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyoigawanya shingo ya gitaa, kwa hiyo mpiga udi anaweza kuisimamisha sauti mahali popote, hata baina ya freti mbili za gitaa. Maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, kama Hijaz hupigika vizuri kwenye gitaa, lakini Rast na Bayati zina sauti za katikati ambazo gitaa la kawaida halina mahali pa kuzitoa. Mwalimu mwaminifu atakuambia hivyo tangu siku ya kwanza, kisha atakuonyesha kile ambacho gitaa linaweza kukifanya ndani ya taarab, ambacho ni kushikilia mdundo na kodi chini ya sauti ya mwimbaji. Ikiwa moyo wako wote uko kwenye kuimba kwa nyuzi kama udi, basi tafuta mwalimu wa udi.

Hatua ya pili: Nenda mahali gitaa linapopigwa

Makanisa mengi hufanya mazoezi ya kwaya Jumamosi alasiri, na hapo ndipo utamwona mpigaji akifanya kazi halisi: akisimamishwa, akirudia, akibadilisha ufunguo, yaani kuupandisha au kuushusha wimbo mzima, ili waimbaji wafike. Omba ruhusa, kaa nyuma, sikiliza. Uliza pia dukani zinakonunuliwa nyuzi, kwa sababu muuzaji huwajua wapigaji wanaorudi kila mara, na uulize katika shule zinazoshiriki Tamasha la Muziki.

Wanamuziki wa hoteli ni walimu wazuri, kwa kuwa wamezoea kupiga kila aina ya wimbo, ila muda wao hufuata msimu wa wageni. Kuanzia Aprili hadi Juni, wakati wa mvua za masika, hoteli kadhaa za Pwani hupunguza kazi au hufunga, na mpigaji huwa na nafasi ya kutosha. Ikifika Desemba, mtu huyo huyo huenda akawa kazini kila jioni. Anza naye wakati ametulia, na mapema kabisa mkubaliane masomo yatahamia saa ngapi msimu ukipamba moto.

Hatua ya tatu: Wasikilize wanafunzi wake

Mwombe mwalimu akukutanishe na mwanafunzi aliyesoma kwake kwa miezi kadhaa, kisha usikilize mambo mawili tu: je, mdundo wake unabaki imara mpaka wimbo unaisha, na je, anaweza kulinganisha sauti za nyuzi zake mwenyewe bila kumpa mwalimu gitaa? Ufundi wa mwalimu kwenye jukwaa ni ushahidi dhaifu. Wapo wapigaji hodari wasiojua kumwelekeza mwingine, na wapo watulivu wasio na jina ambao wanafunzi wao wote wanapiga.

Hatua ya nne: Omba somo la majaribio kabla ya kununua gitaa

Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote. Lipia somo moja, tumia gitaa la mwalimu, na uangalie kwa makini anafanya nini na mikono yako.

Mwalimu anayejua kazi ataanza na namna unavyokaa: mgongo umenyooka, gitaa limetulia bila kubebwa na mkono wa kushoto, kwa sababu mkono unaobeba hauwezi kucheza. Kisha atakufundisha kubonyeza uzi mmoja. Kidole kinapaswa kuwa nyuma tu ya freti, karibu nayo kabisa, kwa ncha yake na si kwa tumbo lake, na gumba likiwa limetulia nyuma ya shingo. Ukibonyeza mbali na freti, uzi utanguruma na utalazimika kutumia nguvu maradufu. Mwalimu mzuri atakifanya kidole chako kisogee kidogo mpaka usikie tofauti wewe mwenyewe, na atafurahia unapoisikia.

Baadaye huenda akakuonyesha kodi mbili. Chukua mfano wa A maina na E. Nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba zaidi. Katika A maina, kidole cha shahada hukaa uzi wa pili kwenye freti ya kwanza, cha kati uzi wa nne kwenye freti ya pili, na cha pete uzi wa tatu kwenye freti hiyo hiyo ya pili. Ukivihamisha vidole vyote vitatu pamoja kwenda uzi mmoja juu, kuelekea nyuzi nene, bila kubadilisha umbo lake, umeipata E. Mwalimu anayekuchorea kodi hizi mbili kwenye karatasi kama vitu viwili visivyohusiana amekupa kazi mara mbili, ilhali anayekuonyesha kwamba mkono unahama ukiwa na umbo lile lile amekupa njia ya kuzitazama kodi zote zitakazofuata.

Angalia pia ni nani aliyepiga zaidi katika saa hiyo. Ikiwa mwalimu alipiga dakika arobaini na wewe ukapiga tano, umeburudishwa, hukufundishwa.

Hatua ya tano: Afikianeni mapema

Ulizeni na mjibiane kwa uwazi: malipo ni kwa kila somo au kwa mwezi, na somo linalovunjika dakika za mwisho linahesabiwaje? Kwa anayeanza, somo moja la dakika 45 hadi 60 kwa wiki linatosha. Kwa mtoto wa chini ya miaka tisa, nusu saa. Wakati mzuri hapa kwetu ni alasiri baada ya swala, ili somo liishe kabla ya magharibi, na katika mwezi wa Ramadhani familia nyingi hupenda kusimamisha masomo au kuyapunguza. Mwalimu anayeishi Malindi hahitaji kuelezwa jambo hili, lakini ratiba iandikwe hata hivyo.

Kwa mtoto, na hasa kwa binti, somo lifanyike barazani au sebuleni mlango ukiwa wazi na mtu mzima wa nyumba akiwepo. Mzazi ana haki ya kumwomba mwalimu cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa na polisi, na mwalimu mwenye nia njema hukileta bila kununa. Zipo pia familia ambazo hazijaridhika na ala za muziki ndani ya nyumba. Nashauri jambo hilo lizungumzwe na wazee kwa adabu kabla ya kulipa chochote, kwani mtoto anayejificha ili afanye mazoezi hafiki mbali.

Hatua ya sita: Nunua gitaa mkiwa pamoja na mwalimu

Kuna aina mbili utakazokutana nazo mara nyingi, la nyuzi za nailoni na la nyuzi za chuma. Kwa anayeanza katika mji wa bahari, napendekeza nailoni: haziumizi sana vidole na upepo wa chumvi hauziharibu haraka kama za chuma. Nyuzi za chuma katika nyumba iliyo karibu na ufuo hushika kutu haraka, kwa hiyo zifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga. Usiweke kamwe nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni, kwa sababu mvuto wake ni mkubwa zaidi na unaweza kulipinda shingo au kuling'oa daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa.

Dukani, tazama kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12. Kwa nyuzi za chuma, milimita mbili hadi tatu zinatosha, na kwa nailoni tatu hadi nne. Zikizidi sana hapo, gitaa litakuumiza na utadhani kosa ni lako. Kisha piga kila freti ya kila uzi ukisikiliza kama kuna mahali panapolia vibaya. Mtoto apewe gitaa dogo linalomfaa, wala asinunuliwe kubwa kwa matumaini kwamba atakua.

Unyevu wa Pwani huvimbisha mbao, na joto la gari lililofungwa juani huweza kulegeza gundi. Liweke ndani ya mfuko wake, mbali na dirisha linaloelekea baharini. Anayevuka kwa mashua kutoka Mokowe kwenda Lamu alifunike kwa plastiki, kwani maji ya chumvi yakiingia ndani ya sanduku la sauti ni taabu kuyatoa.

Hatua ya saba: Miezi mitatu ya mwanzo

Ncha za vidole zitauma kwa wiki mbili au tatu, kisha ngozi itakuwa ngumu. Maumivu ya ncha ni ya kawaida, lakini ya kifundo cha mkono au ya bega si ya kawaida. Mwambie mwalimu mara moja ili aurekebishe mkao.

Ndani ya mwezi wa kwanza unapaswa kujifunza kulinganisha nyuzi. Kutoka ule mnene zaidi, nyuzi sita ni E, A, D, G, B na E. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya tano, na sauti yake iwe sawa na uzi wa tano ukiwa wazi, yaani bila kubonyezwa. Fanya hivyo hivyo kwa wa tano na wa nne, kisha wa nne na wa tatu. Uzi wa tatu pekee hubonyezwa freti ya nne ili kuupata wa pili, na wa pili hurudi freti ya tano ili kuupata wa kwanza. Programu za simu hufanya kazi hii vizuri, lakini zitumie kuhakikisha, na sikio ndilo litangulie.

Kinachochukua muda mrefu zaidi ni kuhama kutoka kodi moja kwenda nyingine bila kuukatiza mdundo. Piga polepole kiasi kwamba mkono wa kulia hausimami hata kidogo, na ikiwa kidole kimechelewa, mdundo uendelee bila kukisubiri. Kabla ya kupiga mdundo wa chakacha, mwanafunzi wangu huupiga kwa makofi, akihesabu sita katika mafungu mawili ya tatu, kwa sababu mdundo ambao mwili haujaushika nyuzi hazitaushika. Dakika ishirini kila siku hushinda saa mbili za Jumamosi.

Hatua ya nane: Pima maendeleo baada ya miezi mitatu

Kufikia hapo, mwanafunzi aliyefanya mazoezi kila siku aweze kulinganisha gitaa lake, kupiga kodi sita au saba zilizo wazi, yaani zenye nyuzi zisizobonyezwa, na kusindikiza nyimbo mbili au tatu tangu mwanzo hadi mwisho mtu mwingine akiimba. Kodi zinazohitaji kidole kimoja kilazwe juu ya nyuzi zote, kama F, zinaweza kusubiri. Ikiwa hujafika hapo na mazoezi umefanya, muulize mwalimu kwa heshima mpango wake wa miezi mitatu inayofuata ni upi. Akiwa na jibu mahususi, endelea naye. Akikujibu kwa jumla jumla, mshukuru, mlipe kilichobaki, na urudi Jumamosi alasiri kwenye mazoezi ya kwaya kusikiliza tena.